Mbona babu zetu walikula nyama na samli na hawakuugua moyo?

Huu ndio ule mfululizo niliowaahidi. Ni mrefu, kwa hiyo nimeukata vipande. Soma kimoja ukisubiri maharage yaive, kingine mtoto akishalala.

Kila nikiandika kuhusu mafuta ya kupikia lazima atokee mtu aulize: "Nesi, mbona babu zetu walikula nyama, wakanywa maziwa, wakala na samli, na walizeeka vizuri tu bila ugonjwa wa moyo?" Wengine wanauliza kwa kunikomoa, lakini swali lenyewe ni zuri sana. Na jibu lake halitoki mbali. Dunia ilipotaka kujua chakula kinaifanya nini mishipa ya moyo, madaktari walikuja kupima watu wa ukanda wetu huu: Kisii, Kampala, Umasaini. Watu wa kizazi cha babu yako na babu yangu.

SEHEMU YA 1: Mlima, halafu sahani

Mwaka 1768 huko London daktari mmoja anaitwa William Heberden aliwaeleza madaktari wenzake kuhusu ugonjwa ambao hawakuwa na jina lake. Maelezo yakachapishwa mwaka 1772. Alisema kuna watu wanatembea vizuri tu, ghafla kifua kinabanwa vibaya, mtu anahisi akipiga hatua nyingine atakufa. Akisimama, maumivu yanaisha kama hayakuwepo. Akaongeza kitu ambacho mimi nilipokisoma mara ya kwanza nilikirudia mara mbili: kwamba hali hiyo huwapata zaidi wakiwa wanapanda mlima, na muda mfupi baada ya kula.

Sasa wewe mtu wa Ngara, niambie, ni siku gani hupandi mlima baada ya kula? Ukitoka mtoni ni mlima, ukitoka shambani ni mlima, ukienda kanisani ni mlima. Biharamulo mna unafuu kidogo.

Nieleze kwa nini. Moyo umejaa damu ndani yake, lakini damu hiyo unayoisukuma siyo inayoulisha. Moyo una mishipa yake midogo, imekaa kwa juu kama mizizi iliyoshika jiwe, na hiyo ndiyo inauletea chakula na hewa. Mishipa hiyo ikiwa imejaa utandu wa mafuta, ukikaa umetulia damu inatosha. Ukipanda mlima moyo unadai zaidi. Ukishakula pia unadai zaidi, maana tumbo linahitaji damu nyingi ya kusaga chakula na ni moyo huohuo wa kuipeleka. Fanya yote mawili kwa pamoja, mshipa mwembamba unashindwa. Kifua kinabana.

Nimeanza na hili makusudi. Wodini tunapokea watu wamechelewa kwa sababu ya neno "kula". Baba amekula nyama ya sikukuu, kifua kimembana, jasho linamtoka. Nyumbani wanasema amevimbiwa, au ni vile vidonda vyake vya tumbo. Anapewa magadi, anapewa soda, analazwa chali. Asubuhi ndio wanatafuta bodaboda. Heberden aliandika zaidi ya miaka 250 iliyopita kwamba maumivu haya yanaandamana na chakula, na sisi bado kila maumivu ya baada ya kula tunayaita gesi. Tutarudi hapo.

SEHEMU YA 2: Hospitali ambazo ugonjwa wa moyo wa aina hii haukuonekana

Twende ng'ambo ya ziwa. Miaka ya 1920 daktari Mwingereza anaitwa Donnison alifanya kazi Kavirondo Kusini, yaani upande wa Kisii, Kenya. Mwaka 1929 aliandika kwenye jarida la Lancet kwamba katika miaka yake miwili pale walilazwa wagonjwa kama 1,800, na hakuna hata mmoja aliyeonekana na ugonjwa wa mishipa kukakamaa. Akapima presha ya watu 1,000 wenye afya. Kule kwao Ulaya presha ilijulikana kupanda kadiri mtu anavyozeeka. Kisii, watu wakishapita miaka 40, ilikuwa inashuka. Mnaona eeh? Inashuka!

Halafu Mulago, Kampala. Hii hospitali inatuhusu kuliko tunavyofikiri. Wazee wengi wa Ngara na Biharamulo enzi za ukoloni walikwenda Buganda kutafuta kazi kwenye mashamba ya pamba na kahawa. Kama babu yako alikuwa na baiskeli au blanketi la kutoka Buganda, unanielewa. Watu wa aina hiyo, wenyeji na wahamiaji, ndio waliojaa Mulago.

Pale alikuwepo daktari Hugh Trowell. Wauguzi tunamfahamu zaidi kwa utapiamlo, maana ni mmoja wa waliouchambua kwashiakoo na kuuandikia kitabu mwaka 1954. Kwa hiyo alijua vizuri njaa inavyofanana. Lakini huyohuyo mwaka 1956, pamoja na mwenzake Singh, aliandika kwenye jarida la madaktari wa Afrika Mashariki kuhusu Mwafrika mmoja mwenye ugonjwa wa mishipa ya moyo. Mmoja! Leo hakuna jarida litakaloshtuka ukiwaletea mgonjwa mmoja wa moyo. Wakati ule mtu mmoja alikuwa habari ya kuandikia makala nzima.

Najua mnachotaka kusema: zamani watu walikufa mapema, hawakufikia umri wa kuugua moyo. Hata wataalamu waliwaza hivyo. Ndiyo maana kazi iliyotoka mwaka 1960 naipenda. Daktari Davies wa Mulago aliungana na wenzake wa St. Louis, Marekani. Wakachukua taarifa za maiti 632 zilizopasuliwa Uganda na nyingine 632 za St. Louis, wakazilinganisha kwa umri na jinsia, mzee kwa mzee, kijana kwa kijana. St. Louis walikuta 136 wenye kovu la shambulio la moyo. Uganda walikuta 1.

136 kwa 1, umri uleule. Hoja ya kufa mapema ikaishia hapo.

Basi ikabaki hoja ya pili, ile ya damu: labda Mwafrika ameumbwa tofauti. Hapa ndipo anaingia Gerald Shaper, daktari aliyefundisha Makerere. Mwaka 1959 yeye na mwenzake Jones walichapisha kwenye Lancet utafiti wa watu wa mji mmoja, Kampala, wa jamii mbili. Waafrika walikuwa wanakula matoke, viazi vitamu, muhogo, maharage, mafuta kidogo sana. Wahindi walikuwa wanapika kwa samli na mafuta ya pamba, tena mengi. Jua lilelile, maji yaleyale, hospitali ileile. Waliopima lehemu, yaani yale mafuta ya kwenye damu ambayo hospitalini tunayaita kolesteroli, walikuta kwa Wahindi iko juu na kwa Waafrika iko chini. Na ugonjwa wa mishipa ya moyo ulikuwa tatizo kubwa kwa Wahindi, wakati kwa Waafrika ulikuwa karibu haupo kabisa.

Utafiti ule haukumaliza ubishi, maana zile jamii mbili zilitofautiana mambo mengi: kipato, kazi, kutembea kwa miguu. Lakini ulisogeza macho ya madaktari kutoka kwenye ukoo wa mtu kwenda kwenye chungu chake. Na jambo lililofuata miaka ya baadaye limewapa haki. Waafrika walewale wa damu ileile walipobadilisha chakula na kazi, mioyo yao ikaanza kuugua kama ya wengine. Kama kinga ingekuwa kwenye damu, tungebaki nayo.

SEHEMU YA 3: Na Wamasai je?

Hii sehemu ni kwa ajili ya shemeji zangu wapenda nyama choma, ambao najua wameshaandaa hoja.

Ni kweli. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 daktari Mmarekani George Mann wa Chuo Kikuu cha Vanderbilt alikuja Tanganyika kupima Wamasai. Alipima wanaume kama 400. Watu wanaoishi kwa maziwa na nyama, mafuta ya mnyama wanakula kuliko Mmarekani wa kawaida, lakini lehemu yao ilikuwa chini na dalili za ugonjwa wa moyo hazikuonekana. Shaper naye alikuta hali ya kufanana kwa Wasamburu wa Kenya. Kwa hiyo mafuta hayana shida, si ndiyo?

Subiri kidogo. Mann hakuishia hapo. Alikusanya mioyo na mishipa mikuu ya wanaume 50 wa Kimasai waliofariki, na mwaka 1972 akatoa majibu. Ndani ya mishipa yao utandu wa mafuta ulikuwepo. Tena ukuta wa mishipa ya moyo ulikuwa umenenepa sawa na wa wazee wa Kimarekani. Tofauti ilikuwa hii: mishipa ya Mmasai ilikuwa imetanuka kadiri anavyozeeka, kiasi kwamba pamoja na utandu wote ule damu bado ilipata njia pana ya kupita. Mann mwenyewe alikisia kwamba ni kule kutembea. Mtu anayefuata ng'ombe kutwa nzima tangu akiwa mtoto moyo wake unajijengea mabomba makubwa.

Mimi nikiwaza hilo huwa nacheka peke yangu, kwa sababu watu wanataka nyama ya Mmasai bila miguu ya Mmasai. Baba anatoka nyumbani na pikipiki mpaka dukani, anakaa kwenye kiti mpaka jioni, anapita kwenye nyama choma kwa pikipiki ileile, anarudi kulala, halafu anakuambia Wamasai mbona wanakula. Shemeji, Wamasai wanatembea.

Na kwa babu zetu wa huku, ukiwauliza bibi zenu vizuri watakuambia nyama haikuwa ya kila siku hata kidogo. Biharamulo ilikuwa nchi ya mbung'o, maeneo mengi ng'ombe hawakustawi. Ngara ng'ombe walikuwepo, ila ng'ombe alikuwa mahari na heshima, hakuchinjwa kwa sababu mtu ana hamu. Chakula kilikuwa ndizi, maharage, viazi vitamu, magimbi, mtama, ulezi, muhogo. Kilichemshwa kwenye chungu au kuchomwa kwenye majivu. Samli kwa mwenye nayo ilikuwa kijiko cha kuonjeshea. Hiyo "nyama na samli" tunayoisimulia ni kumbukumbu ya sikukuu, maana watu wanakumbuka sikukuu, nani anakumbuka Jumanne ya viazi na maharage?

SEHEMU YA 4: Masaa manne baada ya kula

Hapa kuna sayansi kidogo, lakini nimeipikia laini.

Habari ya utandu kwenye mishipa ilianza na sungura. Mwaka 1913 huko St. Petersburg, Urusi, daktari kijana Nikolai Anichkov na mwanafunzi wake Chalatov waliwalisha sungura lehemu safi iliyotolewa kwenye kiini cha yai na kuyeyushwa kwenye mafuta ya alizeti. Mishipa ya sungura ikaota utandu kama wa wazee. Wale sungura wengine waliopewa mafuta ya alizeti peke yake hawakuota. (Kabla hamjawanyima watoto mayai: sungura ni mla majani, mwili wake haujui kabisa la kufanya na lehemu. Mtoto wako siyo sungura. Mpe yai.)

Kwa miaka mingi basi tuliwaza hivi: mafuta yanaharibu polepole, miaka ishirini, thelathini, kama kutu kwenye bati. Ni kweli. Lakini kuna jambo la pili ambalo watu wengi hawajalisikia, la masaa.

Mtu akila mlo wenye mafuta mengi, ukamtoa damu baada ya masaa matatu au manne ukaiacha kwenye kichupa itulie, yale majimaji ya juu ambayo kwa kawaida ni ya njano angavu yanakuwa meupe yenye ukungu, kama maji uliyosuuzia kikombe cha maziwa. Mtu yeyote wa maabara atakuambia ameyaona. Ndiyo maana kwa vipimo vingine tunakuambia uje hujala. Ule weupe ni mafuta ya mlo wako yanasafiri.

Mwaka 1955 madaktari wawili wa Philadelphia, Kuo na Joyner, walitaka kujua weupe huo unamfanya nini mgonjwa wa moyo. Wakachukua wagonjwa wenye kile kifua cha kubana cha Heberden, wakawapa kinywaji cha mafuta mengi wakiwa hawajala, kisha wakawaacha wamepumzika tu. Saa kadhaa baadaye damu ilipofikia weupe wake wa juu kabisa, baadhi yao kifua kikabana. Wamekaa! Hakuna mlima, hakuna ndoo kichwani.

Basi swali likawa: kwa mtu mzima wa afya je? Hapa inabidi mjue kwamba mshipa wa damu siyo bomba la plastiki. Ndani una utando laini sana, na utando huo una kazi. Damu ikipita kwa kasi unatoa hewa fulani inaitwa naitriki oksaidi, inayouambia mshipa "legea, tanuka". Waliogundua na kueleza habari ya hewa hii walipewa tuzo ya Nobel mwaka 1998. Utando ukiwa mzima, ukipanda mlima mishipa inatanuka na moyo unapata haki yake. Utando ukiumwa, mshipa unabaki umekaza.

Mwaka 1997 daktari Vogel na wenzake huko Maryland, Marekani, waliwapima watu 10 wenye afya. Walibana mkono kwa mpira kama ule wa kupimia presha kwa dakika kadhaa, wakauachia damu irudi kwa kasi, wakaangalia kwa ultrasaundi mshipa wa mkono unatanuka kiasi gani. Mshipa wa mkono ni rahisi kuuona, na tabia yake inaeleza mengi kuhusu ile ya moyo. Siku moja waliwapa kifungua kinywa cha mgahawa, mayai na soseji na viazi vya kukaanga, chenye gramu 50 za mafuta. Siku nyingine wakawapa chakula chenye nguvu ileile lakini kisicho na mafuta. Baada ya ule mlo wa mafuta, uwezo wa mshipa kutanuka ulipungua karibu nusu, na mpaka masaa manne ulikuwa bado haujarudi. Baada ya mlo usio na mafuta, hakuna kilichobadilika.

Watu 10 ni wachache, na wengine waliorudia majaribio ya aina hii hawakupata majibu yaleyale kila mara. Aina ya mafuta ina maana kubwa. Jaribio ambalo mimi ningependa kila mwenye kibanda cha chipsi alisikie lilifanyika New Zealand na kuchapishwa mwaka 1999. Waliwapa wanaume mlo wenye mafuta mapya ya kupikia, na siku nyingine mlo wenye mafuta yaliyokwisha tumika kukaangia mgahawani. Mafuta mapya, mishipa ilibaki karibu vilevile. Mafuta yaliyorudiwa, uwezo wa kutanuka ulikaribia kuisha.

Mafuta yaliyorudiwa. Yale meusi ya kwenye karai, ambayo jioni yanafunikwa na kesho asubuhi yanakaanga maandazi ya watoto wa shule.

SEHEMU YA 5: Karai lilifikaje huku

Nisiwaongopee kwamba kuna siku moja mafuta yaliingia Ngara. Duka la Mhindi lilikuwepo tangu zamani, karanga zilikuwepo, mawese ya Kigoma yalipita. Lakini kwa familia nyingi za vijijini mafuta ya kupikia yalikuwa kitu cha kuhesabia, na nyakati ngumu za mwanzoni mwa miaka ya 1980 hata mwenye hela hakuyaona dukani.

Halafu mwishoni mwa Aprili 1994 watu kama 250,000 walivuka daraja la Rusumo ndani ya siku moja, wakikimbia kutoka Rwanda. Mimi nilikuwa mtoto mdogo. Kambi ya Benaco ikawa mji, zikafuata Lumasi na nyingine, baadaye wageni wakawa wengi kuliko wenyeji wa wilaya nzima. Mashirika yaliwalisha mahindi, maharage na mafuta ya kupikia yaliyoongezwa vitamini A, kwenye yale makopo ya bati. Wakimbizi walitamani ndizi, mihogo na kuni. Sisi tulikuwa na ndizi, mihogo na kuni. Mnajua kilichotokea. Mama ambaye mwaka mzima alikuwa hajashika chupa ya mafuta sasa alikuwa na kopo zima jikoni, na bati la kopo likishaisha linatengenezewa mlango wa kuku.

Sisemi kambi ndizo zimetuletea presha. Hapana, na mafuta yale yaliokoa watoto wengi, ndani na nje ya kambi. Ninachosema ni kwamba mkono wa mama ulizoea kumimina. Na kambi zilipofungwa, biashara ilikuwa imeshafunguka, mawese ya Malaysia na Indonesia yanashuka bandarini Dar es Salaam, yanafika mpaka gengeni kwako, unapimiwa kwenye kikopo kidogo kwa hela uliyonayo. Barabara ya lami ikaleta malori ya Rwanda na Burundi, malori yakaleta chipsi mayai. Pita leo usiku Benaco, Nyakanazi au Lusahunga uone mioto ya karai. Jina la Benaco lenyewe ni la kampuni ya ujenzi wa barabara.

Ukipima nchi nzima, utafiti wa serikali wa mwaka 2012 ulikuta karibu mtu mmoja kati ya wanne wenye umri wa miaka 25 hadi 64 ana presha ya juu. Nchi ya majirani wa Kisii wa Donnison! Mwaka 2015 Muhimbili ikapata Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete inayojitegemea, na ninashukuru ipo. Lakini hebu waza: ugonjwa ambao mwaka 1956 mgonjwa wake mmoja aliandikiwa makala, sasa umejengewa taasisi.

Yote haya ndani ya maisha ya mtu mmoja. Bibi yako aliyezaliwa mwaka 1956 bado anapalilia migomba.

SEHEMU YA 6: Sasa jikoni kwako

Naanza na wadogo, kwa sababu baada ya post za namna hii kuna mama atakwenda kukata mafuta kwenye uji wa mtoto. Usithubutu. Mtoto chini ya miaka miwili anahitaji mafuta sana, ubongo wake unajengwa. Maziwa yako mwenyewe, karibu nusu ya nguvu anayoipata humo inatokana na mafuta. Akianza kula akifika miezi sita, uji wa maji matupu haumtoshi, na huku kwetu udumavu bado tunao. Muwekee karanga iliyosagwa laini, parachichi lililopondwa, au kijiko kidogo cha mafuta mapya. Trowell wa kwashiakoo na Trowell wa moyo ni mtu yuleyule. Mkoa mmoja, nyumba moja, unaweza kuwa na mtoto aliyekosa mafuta na baba aliyezidisha, na wote wanakula kwenye sufuria moja.

Mzazi aliyejifungua naye, mama mkwe akija na ndizi za supu, mshukuru. Ila lile tabaka la mafuta linaloelea juu ya supu siyo ndilo linaloleta maziwa. Maziwa yanaletwa na mtoto kunyonya, na wewe kula na kunywa vya kutosha. Liengue kwa heshima, bila kumuudhi mtu.

Kwa watu wazima, mimi sipendi kumwambia mtu "punguza mafuta", maana kila mtu anadhani yake ni kidogo. Piga hesabu. Lita moja ya mafuta ni kama gramu 920. Nyumba ya watu sita mkiimaliza kwa wiki, kila mtu anapata kama gramu 22 kwa siku. Mkiimaliza kwa siku tatu, kila mtu anapata kama gramu 51, yaani mmemfikia yule wa Maryland, tena hapo hujahesabu nyama, chapati za barabarani wala chipsi alizokula baba kabla hajafika. Andika tarehe kwenye dumu siku unalifungua. Tumia kijiko, usimimine moja kwa moja kutoka kwenye chupa. Vijiko vikubwa vinne, pungufu kidogo, ndiyo zile gramu 50.

Mafuta ya kukaangia yakishakuwa meusi au yanatoa moshi mapema, yameisha kazi. Najua bei. Njia nafuu ni kukaanga mara chache na kwa mafuta machache, siyo kuyarudia yaleyale wiki nzima. Mihogo ya kuchemsha na maharage asubuhi ni chakula cha heshima, na mtoto wa shule atakisomea vizuri tu. Na kama mmekula vizito siku ya harusi, sawa, ni harusi. Tembeeni kurudi nyumbani taratibu, msikimbilie kilima.

Lile la sehemu ya kwanza sasa. Mtu mzima, hasa mwenye presha, kisukari au anayevuta sigara, akibanwa na kifua kama amekaliwa na jiwe, maumivu yanakwenda mkono wa kushoto, shingoni, taya au mgongoni, jasho la baridi, pumzi fupi, na hayaishi hata akitulia, hiyo siyo ya magadi hata kama ametoka kula sasa hivi. Kwa sisi wanawake mara nyingine kifua hakiumi sana: unapata kichefuchefu, uchovu wa ajabu, mgongo. Usimtembeze kwa miguu, usimlaze chali akiwa anahema, mkalishe ameegemea, tafuta usafiri mwende kituo cha afya au hospitali iliyo karibu, usiku uleule. Huko watamwangalia, na kama anahitaji Chato au Bugando watampa rufaa. Kama anabanwa akipanda tu na inaachia akipumzika, hajapona. Huyo ni wa Heberden kabisa, mlete mchana akapimwe kabla haijawa usiku.

Maswali wekeni hapo chini, nitajibu nikitoka zamu. Wale mliouliza kuhusu presha ya ujauzito nimewaona, hiyo ina mfululizo wake, haihusiani na mafuta ya kupikia na sitaki tuichanganye hapa. Na dada aliyeuliza kama mawese ya Kigoma ni salama kuliko ya dukani: karibu nusu ya mafuta ya mawese ni ya ule mgando unaopandisha lehemu, yawe mekundu au meupe. Mekundu yana vitamini A zaidi. Kwa hiyo kijiko kwenye maharage, sawa. Karai zima, hapana.